Udongo Uliohama Bila Kibali

Jumatatu ya mwisho ya Februari, mwaka wa tatu tangu watu wa vilimani wahamishiwe katika kijiji kipya cha Tujikaze, Mzee Nyangwine alivaa koti lake la kanisani, akafunga vifungo vyake vyote, akaenda kulaza fiwi. Kijiji hicho kilikuwa nyuma ya Machochwe, upande unaotazama mpaka wa hifadhi ya wanyama, na shamba alilogawiwa Nyangwine lilikuwa la mwisho kabisa kabla ya mpaka huo. Fiwi, jamii ya maharagwe yatambaayo, alikuwa amezipanda wakati wa mvua za vuli, zikatambaa, zikafunika shamba lote hata mtu asingeweza kuona mahali pa kutemea mate. Sasa zilikuwa zimetoa maua ya zambarau. Yeye na mkewe Bhoke walifunga gogo la mkuyu kwa kamba mbili, wakaliburuta juu yake kutoka upande mmoja hadi mwingine, mashina yakivunjika bila kukatika, na mimea ikilala chali juu ya ardhi kama mkeka.

"Baba Joram," Bhoke alisema, huku kamba ikimkata bega, "wenzako wanavuta jembe la ng'ombe. Wewe unavuta gogo. Siku moja utanifunga kengele shingoni."

"Vuta, mama. Maua hayatungoji."

Hayakuwa maneno ya mzaha. Mwaka wa kwanza Nyangwine alizilaza fiwi kabla ya kuchanua, nazo katika juma moja zikainuka tena kama watu waliosikia ugali umeiva. Msimu uliofuata alichelewa, maganda yakakomaa, mbegu zikadondoka na kuota, zikayafunga matikiti kamba hata Bhoke akalazimika kuyafungua kwa kisu. Kwa hiyo sasa alizilaza zikiwa katika maua, akaziacha zikauke palepale, kisha akatoboa matundu katikati yake kwa kijiti kilichochongwa ncha, na katika kila tundu akaweka mbegu ya tikiti maji au ya boga. Hakulima. Jembe lake lilitundikwa ukutani, na kuku mmoja alikuwa na mazoea ya kulala juu ya mpini wake.

Nyangwine hakufanya hivyo kwa elimu ya kilimo, ambayo hakuwa nayo na wala hakuitamani. Alifanya kwa sababu ya heshima. Alikuwa mzee wa kanisa, na tangu alipotahiriwa hakuna aliyewahi kumwona bila shati. Aliamini kwamba ardhi ni mzazi, na kwamba mtu aliyelelewa vizuri hawezi kumvua mzazi wake nguo, kumlaza juani, kisha kupiga mluzi akienda nyumbani kula.

Shamba la kijiji, lililokuwa karibu na barabara, lilitunzwa kwa namna nyingine. Mwenyekiti wa kijiji, Mogesi, alikuwa koplo wa zamani aliyependa mistari iliyonyooka. Yeye aliagiza shamba lile lilimwe kwa trekta, lipigwe haro ya kuvunja mabonge, kisha watu walipitie tena kwa jembe la mkono na kuokota kila jani, mpaka libaki jekundu na tupu kama kaka la yai. Sababu yake ilijulikana na wote. Wageni wa serikali walikuja kwa Land Rover, hawakushuka, na kutoka dirishani ardhi tupu ilionekana kuwa ni kazi, ilhali ardhi iliyofunikwa ilionekana kuwa ni pori. Sheria ndogo ya kijiji ilitamka kwamba shamba lisiloonyesha udongo wake ni shamba la mvivu, na kwamba mvivu atanyang'anywa.

Alhamisi ya juma lile, baada ya chakula cha mchana, udongo wa shamba la kijiji ulihama.

Uliondoka taratibu, kwa mwendo wa ng'ombe asiye na kiu. Ulijikunja kutoka upande wa barabara kama mtu anavyokunja blanketi, ukapita katikati ya kijiji kwa njia ya kawaida, mbele ya duka la ushirika, ambako wanawake waliokuwa kwenye foleni ya sukari waliinua miguu kuupisha bila kupoteza nafasi zao. Penye kundi la ndama ulisimama, ukangoja wapite. Jembe moja lililosahauliwa shambani lilisafiri juu yake hadi mlangoni kwa mwenyewe, likaachwa hapo. Ulipofika mpakani kwa Nyangwine, ulipenya chini ya fiwi zilizolala, ukatulia.

Bhoke alikuwa akipeta mtama uani. Aliutazama mpaka sehemu ya mwisho ikaingia.

"Tumepata wageni," alimwambia mumewe.

"Wangapi?"

"Sijui kuhesabu udongo."

Nyangwine alitoka, akavua kofia, akasema, "Shikamoo." Udongo haukuitika. Jambo hilo lilizungumzwa sana kijijini jioni ile. Baadhi waliona kuwa ni utovu wa adabu. Wengine walisema kwamba mkubwa akichoka na safari husamehewa. Hakuna aliyepinga kwamba shikamoo ilistahili, kwa kuwa udongo ulikuwa mkubwa kuliko wote waliokuwapo, akiwamo nyanya yake Mogesi, ambaye umri wake haukujulikana.

Haukuhama wote kwa siku moja. Kila walipolima tabaka lililobaki, tabaka hilo nalo liliondoka baada ya chakula cha mchana. Kufikia Aprili shamba la Nyangwine lilikuwa limeinuka hadi magotini, na kufikia Mei lilikuwa kiunoni, likiwa na kingo zilizosimama wima kama keki ya harusi. Nyangwine alitengeneza ngazi. Matikiti yalistawi juu yake vizuri, yakilala juu ya fiwi kavu bila kugusa tope, na magugu hayakupata pa kutokea. Hasara ilikuwa panya, ambao waliupenda sana mkeka ule na kuzaliana ndani yake. Bhoke aliazima paka kutoka kwa jirani. Paka alipanda ngazi, akanenepa, akakataa kurudi kwao.

Huku barabarani shamba la kijiji lilibaki mwamba. Mbegu za mahindi, ambazo udongo uliziacha ulipoondoka, zilionekana juu ya mwamba katika mistari iliyonyooka kabisa, jambo lililomfariji mwenyekiti kidogo. Kisha kanga wakaja, wakazila kwa kufuata mistari.

Mkutano wa hadhara uliitishwa mbele ya ghala. Mogesi alieleza kwamba kwa mujibu wa utaratibu hakuna mkazi anayeruhusiwa kuhama kijiji au kitongoji bila barua ya mwenyekiti, na kwamba yeye hakuwa ameandika barua yoyote kwa udongo. Udongo uliitwa mkutanoni. Haukuja. Mgambo wawili walitumwa, wakarudi na karai moja lililojaa, wakaliweka kwenye kiti cha mashahidi. Hapo Nyangwine alisimama, akasema kwamba shahidi hawezi kusikilizwa akiwa uchi mbele ya akina mama. Baada ya mabishano mafupi Bhoke alivua khanga yake ya juu, akalifunika karai, na shauri likaendelea.

"Nyangwine," mwenyekiti alianza, "ni wewe uliyeushawishi udongo wa wananchi?"

"Sikuushawishi. Ulikuja umevuliwa nguo, nikaufunika. Wewe ungeufukuza, Mogesi? Ungekuja wewe uchi, ningekufunika pia, ingawa fiwi zangu zote zisingetosha tumbo hilo."

Watu walicheka. Mogesi naye alicheka, kwa sababu yeye na Nyangwine walikuwa wa rika moja. Walitahiriwa msimu mmoja, asubuhi moja, wakisimama bega kwa bega, na watu wa namna hiyo wana haki ya kutukanana mbele ya kadamnasi bila mmoja kumdai mwenzake faini.

"Mura," Mogesi alijibu, akimwita kijana kama zamani, huku akipangusa macho, "siku ile ya kisu nilikuona ukitetemeka. Mpaka leo unatafuta kitu cha kujifunika."

"Nilitetemeka kwa baridi. Wewe ulikuwa umelala chini. Waliokuinua walidhani umekufa."

Bwana shamba wa eneo lile aliombwa atoe maoni. Aliitwa Odera, kijana wa Kijaluo kutoka upande wa ziwa, mpole, mwenye baiskeli iliyotunzwa vizuri kuliko afya yake. Alisema kwamba kitaalamu udongo haukuwa na kosa. Chuoni walifundishwa kwamba ardhi iliyofunikwa haikaushwi na jua wala haichukuliwi na mvua, na kwamba alichofanya Mzee Nyangwine kilikuwa sahihi.

"Je, maelekezo uliyoletewa yanasemaje?" mwenyekiti aliuliza.

"Yanasema tulime."

"Na wewe unasemaje?"

Odera alitazama baiskeli yake, ambayo haikuwa yake bali ya serikali. "Ninasema tulime, ndugu mwenyekiti."

Iliamuliwa kwamba udongo ni mali ya kijiji na urudishwe. Siku iliyofuata watu wote wenye nguvu waliubeba kwa makarai na magunia, wakiimba, wakaumwaga juu ya mwamba. Udongo ulikubali kubebwa. Walipomaliza, wakajipangusa na kuanza safari ya kurudi nyumbani, uliwafuata nyuma kwa adabu, na kwa kuwa watu walisimama dukani kunywa maji, ulifika kwa Nyangwine kabla yao.

Ndipo kamati ya kijiji ikageukia ile sheria ya uvivu. Shamba la Nyangwine halikuonyesha udongo wake. Basi lilikuwa la mvivu, na lingeweza kutwaliwa pamoja na vyote vilivyomo. Uamuzi ulikuwa karibu kupita, na Bhoke, aliyekuwa amesimama dirishani akisikiliza, alishika kichwa. Kwa watu wale wawili wazee shamba hilo lilikuwa ndilo ghala na ndilo mtoto wa kuwatunza. Boma lao la zamani huko vilimani lilikuwa limechomwa siku ya kuhamishwa ili wasirudi, na Joram, mwana wao wa pekee, alikuwa amevuka mpaka kwenda Kenya bila kuacha anwani. Mwaka ule walitegemea matikiti na maboga yale. Hawakuwa na kingine.

Lakini mjumbe mmoja mzee alikohoa. Alikumbusha kwamba mtu hamhukumu mwenziwe wa rika. Akimhukumu, tumbo lake litavimba, na wajukuu wake watazaliwa wakikohoa. Mwenyekiti ndiye angeweka saini. Mogesi alijipapasa tumbo, akaahirisha kikao.

Jumapili alasiri, baada ya ibada, Mogesi alikwenda kwa Nyangwine peke yake, akiwa ameacha nyumbani filimbi yake ya kuitia watu kazini. Hakuingia. Alisimama mlangoni, akashika mwimo wa mlango kwa mkono wa kulia. Bhoke alipouona mkono ule aliweka chini chungu alichokuwa amebeba, kwa kuwa kila mtu wa nchi ile anajua maana yake. Mtu wa rika lako akishika mlango wako na kuomba, humnyimi. Aweza kuomba ng'ombe, aweza kuomba kisima. Naye, ukimwomba neno moja saa ileile, hakunyimi.

"Mogesi, toa mkono huo," Bhoke alisema. "Mlango una mchwa, utauangusha."

"Shemeji, ninazungumza na rika langu."

"Rika lako amelala."

"Nimeamka," Nyangwine alisema kutoka ndani, kwa kuwa hakuwahi kusema uongo, hata pale uongo ulipokuwa na manufaa. Alitoka akiwa amevaa koti.

"Mura," Mogesi alisema, "nimekuja kuomba shamba lako."

Kuku alishuka kutoka kwenye mpini wa jembe, akatembea, akapita kati ya miguu ya mwenyekiti. Nyangwine alilitazama shamba lile lililoinuka, na ngazi, na paka aliyelala juu, na matikiti ambayo yalihitaji majuma mawili tu ili mikia yake ikauke.

"Wageni wanakuja?" aliuliza.

"Ijumaa. Kutoka mkoani. Wakiona mwamba, watasema sisi ni kijiji cha wavivu. Hata jina langu mimi watalifuta."

"Nimekupa," Nyangwine alisema.

Bhoke aliingia ndani, na chombo fulani kilisikika kikivunjika.

"Nami naomba," Nyangwine aliendelea. "Jembe lako lisiguse pale mpaka matikiti yaive."

Mogesi aliondoa mkono mlangoni, akautemea mate kidogo, akampa aushike. "Jembe langu halitagusa."

Alitimiza ahadi hiyo kikamilifu. Jumatano asubuhi alipiga filimbi, watu wote wa kijiji wakaja na majembe yao, nao wakalima. Yeye mwenyewe alikuja mikono mitupu, akasimama ukingoni na mikono ameikunja mgongoni, wala hakuna anayeweza kusema kwamba jembe lake lilionekana karibu na mahali pale. Fiwi kavu zilikusanywa zikachomwa moto. Matikiti machanga yalipasuliwa na majembe, yakaliwa na walimaji, ambao walikiri kwamba hayakuwa na utamu bado. Odera alieleza kwa sauti ya chini kwamba Juni si mwezi wa kulima. Alijibiwa kwamba wageni huja Juni. Hapo akachukua jembe.

Nyangwine naye alilima. Alikuwa mwanakijiji, na filimbi ilikuwa imepigwa. Alilima akiwa na koti, na kila alipofunua sehemu aligeuza uso pembeni.

Ijumaa Land Rover ilifika. Kwa kuwa shamba lilikuwa limeinuka, wageni waliliona vizuri kutoka barabarani bila kuhitaji kushuka, jekundu, tupu, limenyooka kingo zote. Mkubwa wao alishusha kioo akasema kwamba katika ziara yake yote hakuwa ameona ardhi iliyoinuliwa na nguvu za wananchi kwa kiwango kile. Mogesi alipewa kikombe cha bati chenye masikio mawili. Picha ilipigwa.

Gari lilipotokomea, udongo ulihama. Mara hii haukuwa na mtu wa kuufunika kijijini, kwa maana hata kwa Nyangwine hapakubaki jani. Ulijitazama, au ulionekana kama unajitazama, kisha ukashuka wote kwa pamoja, ukavuka alama za mpaka, ukaingia hifadhini, ambako nyasi zilikuwa ndefu na hakuna aliyeruhusiwa kuzing'oa. Watu waliusindikiza kwa macho. Mgambo mmoja alikimbia hadi kwenye alama ya mpaka, akasimama, kwa kuwa kuvuka pale bila kibali ni kosa la jinai.

Kamati ilikutana tena. Iliazimiwa kwamba kwa kuwa kijiji kimepata kikombe kwa njia ya kulima, kitaendelea kulima. Watu walipewa zamu. Mwamba ulilimwa msimu wote, na majembe yalipopiga mawe yalitoa cheche ambazo wageni waliofuata waliziona kutoka garini, wakasema kwamba hapa ndipo penye ari. Waliovunja mipini walishauriwa kukata mingine. Kila nyumba ililetewa mahindi ya msaada, na watu wakaishi. Nyangwine na mkewe walipewa gunia lao kama wengine, na Bhoke alilifungua akitaja jina la Mogesi kwa namna ambayo si vyema kuiandika.

Vuli ilipokwisha, Nyangwine alitembea hadi mpakani. Upande wa pili, katikati ya nyasi, fiwi zilikuwa zimeota zenyewe kutokana na mbegu za msimu wa nyuma zilizosafiri na udongo, zimechanua, zimelazwa na kundi la nyati waliopita juu yake kwa wakati unaofaa kabisa. Katikati yake matikiti yalikuwa yameanza kunenepa, yenye mistari ya kijani, makubwa kuliko yale ya mwanzo. Askari wa hifadhi, kijana aliyeitwa Simoni, alikuwa ameegemea baiskeli kivulini.

"Shikamoo, mzee. Usivuke hapo."

"Marahaba. Sivuki. Matikiti hayo ni ya nani?"

"Ya hifadhi. Nyani wanakula, na ngiri."

"Nani anayelima?"

"Hakuna anayelima. Yanaota tu."

Nyangwine alitafakari. "Hao nyani," aliuliza, "mwenyekiti wao ni nani?"

"Nyani hawana mwenyekiti, mzee."

"Ahaa," Nyangwine alisema.

Alivua kofia, akausalimu udongo ng'ambo ya mpaka, shikamoo, akangoja kwa muda unaostahili. Kisha akarudi haraka, kwa kuwa zamu yake ya kulima mwamba ilianza saa nne, na yeye hakuwahi kuchelewa kazini.